Mwalimu Sikio na Ukuta Wake

Katika chuo chetu cha ufundi yupo mwalimu wa usanifu majengo ambaye hakuna mwanafunzi anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mwalimu Sikio. Analipenda sana jina hilo, na ana haki ya kulipenda, kwa kuwa alijipa mwenyewe. Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, husimama mbele ya wanafunzi wapya, akakunja mikono ya shati, akaegemea meza na kusema kwa sauti ya chini kama mtu anayetubu: "Mimi si msanifu. Mimi ni sikio." Kisha hunyamaza ili maneno yazame. Wanafunzi wa mbele huandika. Wale wa nyuma, ambao wameshasimuliwa na waliowatangulia, huvutana masikio.

Mimi nafundisha hesabu za ujenzi katika chumba kinachofuata chake, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba. Mhadhara ule nimeusikia mara nyingi kuliko yeye, maana yeye huusema tu, hausikii.

"Jengo si la msanifu," huwaambia. "Jengo ni la atakayelitumia. Kabla hujachora mstari hata mmoja, nenda ukaketi mlangoni pa mtu. Nyamaza. Tazama miguu yake inapita wapi. Mdomo utakudanganya, kiongozi wa mtaa atakudanganya, mfadhili ndiye atakayekudanganya zaidi. Miguu haidanganyi."

Sina ugomvi na maneno hayo. Ni ya kweli, na laiti wasanifu wote wangeyashika, tusingekuwa na masoko yasiyo na wachuuzi na vituo vya basi ambavyo abiria husimama nje yake. Ugomvi wangu ni na mdomo unaoyatoa.

Haki itendeke: hakuanza hivi. Alipokuwa kijana, ametoka tu masomoni, alipewa kazi ya kujenga banda la kungojea wagonjwa katika zahanati moja. Badala ya kuchora na kuondoka, alitengeneza kielelezo cha kadibodi ambacho vipande vyake havikushikizwa: kuta, mabenchi, milango, miti ya sifongo, kila kitu kiliweza kunyanyuliwa. Akakiweka mezani uani pa zahanati na kuwaambia wagonjwa na wauguzi wakipange wanavyotaka. Walibishana, wakapangua, wakapanga, na pale walipoviacha vipande ndipo banda lilipojengwa. Lipo mpaka leo. Mabenchi yake yameng'aa kwa kukaliwa.

Kwa banda lile amekula maisha yake yote. Mtindo ule wa vipande aliupa jina, Meza ya Jamii. Akauandikia makala, akaalikwa kuusimulia huku na kule, akapigwa picha akiwa ameinama juu ya vipande pamoja na akina mama. Ujanani alipika chungu kimoja cha ukweli, na mpaka sasa anakwangua ukoko.

Kadiri sifa zilivyopanda, ndivyo vipande vilivyopunguza mwendo. Kwanza akawa anawaongoza watu kwa mkono: "Mama, hebu kijaribu hapa." Kisha akaanza kupanga vyote mapema na kuwaomba "waboreshe". Watu hawakujua. Mtu asiyewahi kuulizwa chochote akiulizwa mara moja, hushukuru hata kama jibu limeshaandikwa.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa siri. Mkewe alikwenda kumuuguza mama yake, na aliporudi alikuta mlango wa jiko umehamishiwa upande wa chumba cha wageni. Alipouliza, aliambiwa ni kwa ajili ya mtiririko. "Mtiririko wa nini?" akauliza. "Wa maisha," akajibiwa. Mpaka leo mama huyo hupitisha sufuria ya moto mbele ya wageni, na wakimpa pole huwaambia, "Mume wangu ni sikio la nje. La ndani limeziba."

Katika nyumba hiyo alikuwa akiishi binti wa dada wa mwalimu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika darasa la mjomba wake. Alikuwa msichana wa maneno machache, mkono wake wa kukata kadibodi ulikuwa mwepesi, na alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu anayeishi na Mwalimu Sikio: aliyaamini yaliyofundishwa.

Mwaka huo mkuu wa idara alistaafu. Kiti kikawa wazi, na Mwalimu Sikio akaanza kuvaa koti. Mkuu wa chuo, mtu mpole anayeogopa kelele kuliko anavyoogopa dhambi, alimwambia waziwazi: "Kiti ni chako. Ila hiyo Meza ya Jamii nimeisikia miaka mingi, sijaiona. Nataka niwaone wananchi wakiamua kwa mikono yao."

Kazi ya kuonyeshea ilikuwepo. Wafadhili walikuwa wamekubali kujenga shule ya chekechea katika mtaa ulio nyuma ya chuo, na wakataka mchoro ukubaliwe na wakazi. Kiwanja kilikuwa uwanja mtupu, na kati yake ilikatiza njia ya miguu. Hakuna aliyeichora njia hiyo. Ilifanywa na watu wanaokwenda bombani, wanaokwenda zahanati, na watoto wanaopelekwa kusoma chini ya kibanda cha mabati kilichokuwa ndiyo chekechea ya zamani. Kila aliyepita pale alikuwa anakwepa barabara kuu, ambako malori ya mchanga hupita yakishindana na hayana muda wa kutazama nani yuko kando. Njia ile ikizibwa, watoto wangetembea na malori. Jambo hilo halikuhitaji elimu. Lilihitaji mtu asimame pale asubuhi moja na macho yake.

Mwalimu Sikio hakusimama. Hakuwa na haja, kwa kuwa mchoro alikuwa nao tayari: ukuta mrefu uliopinda kama mkono, madarasa yakiwa kifuani pake. Aliuita Kumbatio. Alikuwa ameuchora miaka mingi nyuma kwa ajili ya mashindano fulani, hakushinda, na tangu hapo alikuwa akiutafutia ardhi ya kuulaza. Sasa ardhi ilipatikana, na mkono ule ukalala katikati ya njia.

Binti alikuwa akitengeneza kielelezo kwenye meza ya chakula. Mazungumzo yao niliyapata kwa mke wa mwalimu, aliyekuwa akipita na sufuria zake.

"Mjomba, ukuta huu unalala juu ya njia."

"Njia itahama."

"Itahamaje? Watakaohama ni watu. Watapita barabarani na watoto."

"Mpwa wangu, njia ni tabia. Jengo zuri hufinyanga tabia."

"Lakini darasani ulisema miguu haidanganyi."

"Darasani nilikuwa nafundisha," akasema mjomba. "Hapa nafanya kazi."

Mjomba akazunguka meza, akajaribu ukuta kwa kidole, ukatikisika.

"Leta gundi."

"Ya nini? Si vipande vya kusogezwa hivi?"

"Mkutano wa juzijuzi watu walivisogeza, umesahau? Wakahamisha choo, mwenye duka akagombana na shemeji yake, tukashinda pale mpaka wageni wakaaga. Mkuu akiiona vurugu ile, kwaheri idara. Tone dogo tu, kwenye ukuta na madarasa. Miti iache."

"Kwa hiyo watasogeza miti tu?"

"Na bembea. Wananchi wanapenda bembea."

Mke wa mwalimu akapita akielekea chumba cha wageni. "Na jiko langu ulilitia gundi hiyohiyo?" akauliza, akaenda zake bila kungoja jibu.

Binti alitia gundi. Simtetei. Anayekula mezani pa mtu huinamisha kichwa kidogo, hilo naelewa. Lakini kazi ya mkono wako ni yako, hata kama amri ilitoka kwa mwingine.

Siku ya mkutano turubai la kivuli lilifungwa juu ya kiwanja, viti vikapangwa, na mkuu wa chuo akaketishwa mbele kabisa, magoti yake yakigusa meza ya kielelezo. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na shati la mkutano. Mimi nilisimama pembeni pamoja na binti na wanafunzi wenzake. Wakazi walijaa, wengine kwa ajili ya shule, wengine kwa ajili ya soda, na sidhani walio wengi walijiuliza wamo kundi gani.

"Leo mimi sina mdomo," alianza Mwalimu Sikio, akazungumza mpaka kivuli cha turubai kikawahama watu wa safu ya nyuma. Ndipo alipowakaribisha mezani.

Seremala wa mtaa akajongea, akaunyanyua mti wa sifongo na kuuweka karibu na lango. Makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaisogeza bembea kutoka juani. Makofi tena. Mkuu wa chuo alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, na Mwalimu Sikio alimtazama yeye, hakuitazama meza.

Kisha akasimama mwanamke wanayemwita Bibi Kamati, kwa kuwa ndiye mkuu wa kamati ya wazazi ya chekechea tangu binti zake walipokuwa wadogo. Sasa ndiye anayempeleka mjukuu. Alivaa miwani, akainama, akaanza kutembeza kidole juu ya kadibodi.

"Hapa ni kwa muuza mkaa. Hapa ni bombani. Hapa ni kwangu. Basi njia ni hii." Kidole kikagota. "Na hiki kilicholala njiani ni nini?"

"Hilo ni Kumbatio, bibi."

"Linamkumbatia nani?"

"Linawakumbatia ninyi. Jamii."

"Mimi nilishakumbatiwa na marehemu, inanitosha," akasema Bibi Kamati, na watu wakacheka. "Nauliza nitapita wapi na mtoto."

Hapa ndipo mazoea yalipomponza Mwalimu Sikio. Kuna sentensi ambayo ameisema katika kila mkutano maisha yake yote, na ulimi uliozoea wimbo huuimba hata msibani. Akafungua mikono, akasema: "Bibi, meza ni yako. Amua kwa mikono yako."

Nilimwona binti akifumba macho.

Bibi Kamati akaushika ukuta na kuuvuta. Haukusogea. "Mbona kama una mizizi?" akauliza. Akakaza miguu, akavuta kwa nguvu za mtu aliyezoea ndoo. Ubao mzima ukainuka: madarasa, lango, kwa muuza mkaa na bomba, vyote vimeng'ang'ana. Miti na bembea, ambavyo ndivyo pekee vilivyoachwa huru, vikamporomokea mkuu wa chuo mapajani.

"Jamani!" akasema Bibi Kamati, ubao ukiwa mkononi. "Nimeshika ukuta, mtaa mzima umenifuata!"

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi chuoni. Mkuu wa chuo aliiokota bembea kutoka kwenye suruali yake, akaitazama. "Mwalimu," akasema, "hiki kitu kimegandishwa?"

Mwalimu Sikio akawageukia wanafunzi wake kama mtu aliyeibiwa. "Nani ametia gundi hapa?"

Binti akasema, "Mimi."

"Aliyekwambia utie ni nani?" akauliza mkuu wa chuo, si kwa ukali.

Binti alimtazama mjomba wake kwa muda, akimpa nafasi ya kulisema mwenyewe. Hakulisema. "Ni mjomba," akajibu. "Yaani, mwalimu."

Ningekuwa natunga hadithi ya kuwafurahisha watu, ningeikomesha hapa. Mnafiki ameumbuka, ukweli umesemwa mbele ya mkubwa, twende nyumbani. Lakini mnafiki aliyebobea haumbuki, hugeuka. Mwalimu Sikio aliupokea ubao kutoka kwa Bibi Kamati, akauinua juu ya kichwa chake, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyefunuliwa siri.

"Ndugu zangu! Gundi ni nini? Si ndiyo kinachotushikanisha? Mpwa wangu huyu ana utani wake, mtoto wa dada, mnawajua. Lakini leo mmeona wenyewe: bibi ameshika ukuta mmoja, mtaa wote ukainuka. Ndivyo jamii ilivyo! Ukimgusa mmoja, umetugusa sote!"

Watu wakapiga makofi. Naliandika hilo kwa kinyaa, maana ningependa kusema walizomea. Walivishwa kilemba cha ukoka na wakainamisha vichwa ili kikae vizuri. Mwenyekiti wa mtaa akauliza wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikanyooka, mingine ikiwa na chupa. Mkuu wa chuo, ambaye alikuwa amesikia jibu la binti kwa masikio yake mawili, alifurahi kupata njia ya kutolijua. Akapiga makofi na yeye.

Bibi Kamati hakunyoosha mkono. Alikunja miwani, akawaambia majirani zake: "Mmeyapigia makofi maneno. Kesho mtapita juu ya maneno?"

"Bibi naye, kila kitu anataka kupinga," akasema seremala, na akaongeza soda.

Kumbatio likajengwa. Kiti cha idara kikapata mtu, yule mwenye koti. Wiki hiyohiyo binti aliambiwa atafute pa kuishi kwa kuwa nyumba imebana, nyumba ambayo mjomba mwenyewe aliichora na kuisifia kwa nafasi zake. Alihamia kwa rafiki yake. Alifaulu, kwa kuwa mitihani ya mwisho husahihishwa na watu wa nje, akapata kazi kwa mkandarasi mmoja, ya kusimamia mafundi.

Watoto wa chekechea wakaanza kuzunguka kwa barabara kuu, wameshikana mikono, huku wazazi wakitembea upande wa malori. Hali iliendelea hivyo mpaka asubuhi moja lori la mchanga lilipokwepa shimo na kumsukumia mtaroni mjukuu wa Bibi Kamati. Mtoto alitolewa akiwa hai, mkono umevunjika.

Jioni ile wakazi walikwenda na nyundo. Seremala ndiye aliyetangulia. Mikono iliyopiga makofi ndiyo iliyobomoa, na laiti ingeanza na kazi hii ya pili, mtoto angekuwa na mfupa mzima. Walitoboa tundu baya, lenye meno, na juu yake matofali yaliyolegea yakaning'inia yakingoja kichwa cha mtu.

Habari zikamfikia binti. Alifika kesho yake alfajiri. Kila mtu alitazamia awagombeze au awatake radhi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizuia kwa mbao upande wa tundu wenye matofali yaliyolegea ili watu wapite upande wa pili, akageuza ndoo, akaikalia, akatazama. Alitazama wenye ndoo kichwani, wenye mikokoteni, mama mwenye mapacha, mzee mwenye magongo. Ilipofika mchana akachukua chaki, akaenda kwa Bibi Kamati.

"Bibi, wengi wanapindia huku kushoto, si pale mlipotoboa. Nikiweka hapa utaona vibaya?"

"Mwanangu, mimi naona vibaya tangu mwaka jana," akasema Bibi Kamati. "Weka."

Akaja na fundi mwashi wa kazini kwake. Wakaondoa matofali yaliyolegea, wakaziba tundu la nyundo, wakakata uwazi mpana pale palipotiwa chaki, wakamimina linta ya zege juu yake ili ibebe uzito wa ukuta, na chini wakaweka mteremko laini badala ya ngazi. Njia ikarudi mahali pake.

Mwaka uliofuata mkuu mpya wa idara aliwaleta wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuliona Kumbatio. Niliambatana nao, kwa kuwa nilipaswa kuwafundisha jinsi linta inavyobeba mzigo. Mwalimu Sikio hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya kukata utepe. Alipouona uwazi ule, alisimama. Nikadhani, labda leo atakiri.

"Mnaona?" akawaambia wanafunzi. "Jamii imemalizia usanifu. Ukuta huu tuliuacha makusudi uwangoje wananchi."

Bibi Kamati alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, amemshika mjukuu mkono. "Hatukumalizia, mwalimu," akasema. "Tulibomoa."

Wanafunzi wawili walicheka. Wengine waliandika, sijui waliandika lipi. Mwalimu Sikio akajifanya anaipapasa linta.

"Kazi safi hii. Fundi gani huyu?"

"Mpwa wako. Alikaa hapo kwenye ndoo asubuhi nzima, hasemi neno, anatazama miguu ya watu."

Mkuu wa idara akawageukia wanafunzi, kifua mbele. "Huyo," akasema, "nilimfundisha mimi."

Nilitaka kumsuta, nikaacha. Katika yote aliyowahi kujisifia, lile lilikuwa la kweli. Alimfundisha. Kila alichokifanya binti yule pale alikitoa katika mhadhara wa siku ya kwanza, neno kwa neno. Mbegu njema ilipita katika mkono mchafu ikaota kwa mwingine, na mkono ukabaki mchafu vilevile. Sijui kama hilo ni la kumpunguzia hukumu au la kumwongezea. Mimi naongeza.

Naye alikuwa ameshapamba moto. Alikuwa amesimama katikati ya uwazi, mikono ya shati imekunjwa, akieleza habari za sikio. Nyuma yake mtu wa mkokoteni wa maji alikuwa amesimama. Mbele yake akina mama wawili wenye ndoo, na watoto wa chekechea wakirundikana, na Bibi Kamati na mjukuu wake.

"Mwalimu," akasema Bibi Kamati. "Sogea. Umesimama njiani."

Hakusikia.